Cheti cha Ukutani na Maji ya Kachumbari

Wako watu wasemao kwamba hoteli ndogo za Majengo ni chafu, nao husema hivyo bila kuwahi kuketi ndani yake. Mimi hula huko mara kwa mara nitokapo afisini, maana pilau yake hupikwa na watu wanaoijua kazi, na mahamri yake sijaona mfano wake Nairobi nzima.

Mwezi uliopita nilikuwa nikila katika hoteli moja, Bwana Afya akabisha hodi. "Mama, cheti kiko wapi?" Mama akamwonyesha ukutani. Yule bwana akasoma tarehe, akaandika katika daftari, akaaga. Hakuuliza maji yatoka wapi. Nami nilikuwa nimekwisha kuona nyanya za kachumbari zikisuuzwa katika karai lile lile la kusuuzia vikombe. Nilipomwuliza Mama kwa upole, alinijibu, "Baba, bomba halijatoa maji siku ya tatu leo, na kila mtungi naununua."

Mimi ni karani, na karatasi ndizo zinazonilisha, basi siwezi kukidharau cheti. Kina sababu yake. Mtu aweza kuchukua vijidudu vya homa ya matumbo naye mwenyewe haumwi hata kidogo. Mwaka 1907 huko New York iligunduliwa kwamba mpishi mmoja, Mary Mallon, ndiye aliyewaambukiza watu wa nyumba kadhaa alizozipikia, ilhali yeye alikuwa mzima. Ndiyo maana wapishi wetu hupimwa kila miezi 6. Lakini cheti hueleza habari za siku ya kupimwa tu. Mpishi akinywa maji mabaya kesho yake, karatasi haibadiliki.

Tena ugonjwa hauchagui vibanda. Mwezi wa Julai 2017 kipindupindu kiliwashika watu waliohudhuria maonyesho ya biashara katika jumba kubwa la mikutano la KICC, hapa hapa mjini, hata serikali ikaagiza wapishi wapimwe upya. Hao hawakula Majengo!

Yafaa tutambue hatari iko wapi hasa. Pilau inayopakuliwa ikitoka moshi haina neno, kwa kuwa moto umekwisha kuua vijidudu, ila isiachwe ikapoa kwa muda wa saa nyingi. Kachumbari haionani na moto kamwe. Ikioshwa kwa maji machafu, ama ikikatwa kwa mikono isiyonawiwa, huenda moja kwa moja tumboni.

Tangu 2013 kazi ya kukagua na kutoa leseni za vyakula imo mikononi mwa kaunti. Kwa maoni yangu, mkaguzi angeanza na mtungi wa maji, sabuni na mahali pa kunawia, kisha ndipo ainue macho ukutani. Kufunga hoteli kwa sababu bomba ni kavu hakumsafishi mtu mikono. Mama atapikia nyumbani na kuuzia kando ya njia, ambako Bwana Afya hafiki.

Mtungi mmoja wa maji yaliyochemshwa, uwe wa kachumbari tu, na debe lenye bomba la kunawia, ni gharama ya kiasi. Ikiongezwa katika bei ya sahani, mimi kwa upande wangu nitailipa.