Hiari ya Mzazi na Mlango wa Shule

Hiari ni neno tamu. Mzazi hutaka kumchagulia mtoto wake shule kama alivyomchagulia jina, na hapana awezaye kumlaumu. Katika majimbo mengi ya Marekani zimetungwa sheria za kumpa mzazi fedha za umma alipie karo ya shule ya binafsi, nazo husifiwa kwa jina la hiari. Lakini shule ina mlango, na mlango una mwenyewe. Mwenye karo mkononi aweza kubisha hodi asifunguliwe.

Jimbo la Virginia ni shahidi wa kwanza. Mwaka 1951 wanafunzi weusi wa wilaya ya Prince Edward, wakiongozwa na msichana wa miaka 16, Barbara Johns, waligoma kwa sababu ya ubovu wa shule yao. Shauri lao lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoifanya Mahakama ya Juu itamke, mwaka 1954, kuwa kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mwaka 1959 wilaya iliona heri kufunga shule zote za umma kuliko kuwachanganya watoto. Weupe walifunguliwa shule ya binafsi, na baadaye fedha za umma zikawasaidia wazazi wao kulipa karo. Weusi walibaki nje. Mtoto aliyekuwa na miaka minane milango ilipofungwa alikuwa na kumi na miwili shule za hisani zilipofunguliwa mwaka 1963. Mwaka 1964 Mahakama iliamuru shule za umma zirudi. Shule zilirudi, miaka ya mtoto yule haikurudi.

Shahidi wa pili ni Wisconsin. Mwaka 1990 Polly Williams, mbunge mweusi wa Milwaukee, alipigania sheria kama hiyo kwa ajili ya maskini. Chombo kilikuwa kile kile, lakini kilishikwa na mkono mwingine. Kipato cha jamaa kiliwekewa mpaka, na shule iliyoombwa na wengi kuliko nafasi zake ilitakiwa kupokea watoto kwa kura, si kwa kuwapambanua. Hapo mzazi alichagua kweli, kwa sababu sheria ilimshika mwenye mlango. Mpaka wa kipato ulipopanuliwa baadaye, Williams mwenyewe alinung'unika.

Arizona ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2022 ilifungua fedha hizo kwa watoto wote, wa tajiri na wa maskini, na shule za binafsi zikaachiwa hiari ya kumpokea zimtakaye. Watetezi husema kuwa tajiri huchagua shule siku zote kwa kununua nyumba mtaa mzuri, ni kweli. Wapinzani husema kuwa mtoto aondokapo na fedha zake, paa na basi la shule ya umma hubaki na gharama zile zile. Nayo ni kweli.

Watu husema mchagua nazi hupata koroma. Maskini wa Prince Edward hakupata hata koroma. Kwa hiyo atungaye sheria ya hiari haitoshi ahesabu fedha alizotoa. Aende mlangoni atazame ni nani aliyerudishwa, na kama ipo shule nyingine iliyo wazi njiani mwake.