Chupa Iliyobadilika Rangi Usiku

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mimi nilimpokea mjukuu huyo nikiwa kidato cha tatu, asubuhi moja ya mwezi wa Julai, ndani ya maabara ya kemia.

Shule yetu iko nyanda za juu, na Julai huku si mchezo. Maji ya bomba hukata vidole. Tulikuwa tumebakisha siku moja tu twende kwenye maonyesho ya sayansi. Mradi ulikuwa wetu wawili, mimi na rafiki yangu tuliyemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake. Tulikuwa tumechagua kloraidi ya kobalti. Chumvi hii ukiiyeyusha katika maji hutoa rangi ya waridi. Ukiitia asidi kali ya haidrokloriki kidogo kidogo, hugeuka zambarau, na mwishowe buluu ya kupendeza kama bahari ya Mombasa saa sita mchana.

Jioni ile mwalimu wa kemia ndiye aliyeimimina asidi, maana mvuke wake huchoma pua, na kobalti yenyewe ni sumu. Tuliupasha moto ule mchanganyiko, ukawa buluu kabisa. Tukaufunga kwenye chupa, nami nikaweka alama ya wino pale ulipofikia. Profesa akabaki nyuma kufunga mlango na kurudisha ufunguo.

Asubuhi nikafungua kabati. Lo! Chupa nzima ilikuwa ya waridi!

Nilijua jambo moja tu: ukiongeza maji, buluu hurudi kuwa waridi. Na aliyebaki maabarani ni nani?

"Wewe umetia maji," nikamwambia.

"Haki ya Mungu sijaigusa, bwana."

"Sasa ni nani, shetani?"

Sikungoja jibu. Nilikwenda mbio kwa mwalimu wa zamu, nikasema mbele ya darasa zima. Profesa akaondolewa kwenye safari papo hapo. Hakulia. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaenda zake.

Saa mbili mwalimu wa kemia alifika. Aliitazama chupa, akaniuliza, "Alama yako ya wino iko wapi?" Nikamwonyesha. Kimiminiko kilikuwa palepale, labda unywele mmoja chini.

"Kama kuna mtu aliongeza maji, mbona hakikupanda?"

Nikawa bubu. Mwalimu alimimina kidogo katika neli ya kioo, akaitumbukiza kwenye maji ya moto. Zambarau, kisha buluu! Akaihamishia kwenye maji ya bomba. Waridi tena.

"Kijana," akasema, "mwizi wako ni baridi."

Ndipo akatueleza. Ioni ya kobalti ikiwa majini huzungukwa na molekuli 6 za maji, na hiyo ndiyo ya waridi. Kloraidi zikiwa nyingi, ioni 4 za kloraidi huyafukuza maji hayo na kuketi mahali pake, ikawa buluu. Safari hii ni ya kwenda na kurudi wakati wote, mpaka pande mbili zifikie msawazo. Kwenda upande wa buluu hunyonya joto. Mwaka 1884 Mfaransa Henry Le Chatelier alieleza kwamba msawazo ukisukumwa, husogea upande wa kuupunguza ule msukumo. Basi ukipasha moto, buluu huzidi. Baridi ikiingia, waridi hurudi.

Tena, hebu hesabu. Upande wa waridi kuna ioni 1 ya kobalti na kloraidi 4, jumla 5. Upande wa buluu kuna ioni 1 na molekuli 6 za maji zilizoachiliwa, jumla 7. Buluu ina mtawanyiko zaidi, na kadiri joto linavyopanda, ndivyo mtawanyiko unavyozidi kuwa na uzito. Mmarekani Josiah Willard Gibbs aliweka joto na mtawanyiko katika hesabu moja miaka ya 1870. Kwa hiyo hakuna ioni iliyo thabiti mahali pote. Uliza kwanza: thabiti katika hali gani?

Nilimkuta Profesa nyuma ya bweni. "Nisamehe, ndugu yangu. Ni baridi."

Akanyamaza kitambo. "Ungeniuliza kwanza," akasema.

Mwalimu alimrudisha safarini, na kwenye maonyesho ni yeye aliyewaeleza wageni habari ya baridi, tena vizuri kunishinda. Lakini tangu siku hiyo, kila tulipomaliza kazi maabarani, aliniwekea ufunguo mkononi. "Funga wewe," akaniambia, kisha akatangulia nje.

Wenzangu, kabla hujamnyoshea mtu kidole, tazama kwanza alama ya wino.