Elfu Sita za Mwaka 1984

Serikali ya Uganda ilipoweka kima cha chini cha mshahara kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, mwaka 1984, baba alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha nguo Jinja. Tulikaa Walukuba, mtaa ambao wakoloni waliwajengea wafanyakazi, na kodi ya chumba haikutuumiza. Kilichotuumiza ni tumbo. Mjini kila kitu kilitaka fedha: posho ya mahindi, mkaa, hata mukene, dagaa waliovuliwa hapo hapo Masese.

Mama ni mzaliwa wa Masaba, milimani juu ya Mbale. Kila likizo tulipanda kwa bibi na kurudi na mikungu ya matoke, maharagwe, na malewa, machipukizi makavu ya mianzi yanayonukia moshi. Mizigo ile ndiyo iliyotufikisha mwisho wa mwezi. Mwajiri alilipa sehemu, jembe la bibi likalipa iliyobaki.

Mei 1987 ikaja sarafu mpya, shilingi 100 za zamani zikawa 1. Bei ziliendelea kupanda baada ya hapo, lakini tarakimu ile ya 6,000 haikuguswa. Leo haitoshi hata nauli ya kutoka Jinja kwenda Mbale.

Mdogo wangu aliolewa Mbale na kupata kazi dukani. Analipwa chini ya wenzake wa Jinja, na akilalamika huambiwa kwamba Mbale maisha ni nafuu. Ni nafuu kwa nani? Shamba la bibi liligawanywa kwa wajomba, kisha kwa watoto wao, na yeye hakubakiwa na hata mgomba mmoja. Matoke ya Masaba hupakiwa kwenye malori ya Kampala, naye anayanunua sokoni kama mgeni. Inaniuma kuona watu wakipanga mshahara wake kana kwamba bibi bado analima.

Bodi ya ushauri wa kima cha chini iliyoundwa mwaka 2015 ilipendekeza shilingi 136,000 kwa mwezi. Tulipiga hesabu na mdogo wangu: kodi, mkaa, posho, karo ya mtoto. Mbale angejikaza, Jinja asingeweza. Februari 2019 Bunge likapitisha muswada wa kuweka viwango vya mshahara kwa kila sekta, lakini Rais Museveni akakataa kuutia saini. Mimi naona viwango vinaweza kutofautiana, hata kati ya miji hii miwili, mradi vipimwe kwa mtu anayenunua chakula chote sokoni.