Nina Figo Tatu

Figo mbili nilizozaliwa nazo bado zimo mgongoni, zimesinyaa na hazifanyi kazi. Ya tatu iko mbele, chini ya kitovu upande wa kulia, karibu na pale mpira wa bukta unapobana. Madaktari huipandikiza hapo kwa sababu mishipa mikubwa ya damu na kibofu viko jirani, na zile za zamani kwa kawaida huachwa zilipo. Nikiweka kiganja tumboni naihisi. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kushangaza tu. Kwa kiungo wa kati wa timu ya maveterani ni tatizo, maana figo za mgongoni hukingwa na mbavu, na hii mbele yake ina ngozi na nyama basi. Kiwiko kimoja kwenye mpira wa kona kinatosha kuiumiza.

Nimecheza mpira Ifakara tangu shule ya msingi, tukitoka kwenye mchakamchaka wa asubuhi kwenda darasani na jasho letu. Nilipofika miaka thelathini na minane, pumzi ilianza kukata kabla ya mapumziko na miguu ikavimba. Shinikizo la damu lilikuwa limekula figo kimyakimya. Nikahamia Dar es Salaam kwa shangazi ili nisafishwe damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne. Kilichonitesa zaidi kilikuwa kiu. Figo zisipotoa mkojo, maji unayokunywa hubaki mwilini na kuulemea moyo, kwa hiyo nilipimiwa nusu lita kwa siku. Nimekulia katika bonde ambalo wakati wa masika mto Kilombero hufurika na mbuga ikawa ziwa. Sasa nilikuwa nanyonya kipande cha barafu kama mtoto anavyonyonya pipi, ili kisiishe.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walipelekwa nje, wengi wao India. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Mimi nilipandikizwa Muhimbili mwaka 2019, na aliyenipa figo ni mdogo wangu wa kike, mkulima wa mpunga. Alielezwa kwamba mtu mwenye afya njema huishi na figo moja, kwa kuwa inayobaki hujiongezea kazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama atawahi msimu wa kupalilia.

Niliporudi Ifakara, mapaja yangu yalikuwa membamba kama mikono. Ugonjwa ulikuwa umeyala, na prednisoloni, mojawapo ya dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo, nayo hudhoofisha misuli huku ikikuongezea njaa. Nilikatazwa kubeba vitu vizito kwa wiki sita. Nikaambiwa nitembee. Nilianza na mwembe wa uani, kisha sokoni, kisha reli ya TAZARA. Baada ya miezi kadhaa nilifika kwenye daraja la mto Kilombero, pale tulipokuwa tukisubiri kivuko. Daraja lina mita 384. Mara ya kwanza nilipumzika katikati nikitazama mitumbwi. Baadaye nikalivuka bila kusimama, na siku moja nikalivuka kwa mbio za polepole.

Lakini kutembea bila shughuli katika mji wetu si rahisi. Ifakara ni tambarare, kila nyumba ina baiskeli, na kila mwenye baiskeli alisimama akanitaka nipande. Nikikataa, alishuka akanisindikiza akinipa pole. Saa za mazoezi nazo zilikuwa chache. Dawa zile zile zinazoilinda figo hushusha kinga ya mwili, hivyo malaria kwangu ni hatari zaidi, na jua kali la miaka mingi huongeza uwezekano wa saratani ya ngozi. Nilisubiri mbu wa alfajiri wapungue, nikameza dawa saa mbili kamili, nikavaa kofia na suruali ndefu, nikakimbia kabla jua halijawa kali.

Yote hayo niliyaweza. Kilichonishinda ni macho ya watu wa nyumbani. Kwetu nguvu ni ya kazi: mwenye pumzi ya kukimbia ana pumzi ya kushika jembe. Nami daktari alikuwa amenizuia kuingia kwenye majaruba, kwa ajili ya kichocho na homa zinazotokana na mkojo wa panya kwenye maji yaliyotuama. Basi picha iliyoonekana barabarani ilikuwa hii: mdogo wangu mwenye figo moja ameinama kwenye tope, na mimi mwenye tatu napita na raba.

Mama alinikalisha chini. "Baba, tulia," akasema. "Hicho ulichobeba si chako peke yako."

Sikuwa na jibu, kwa sababu alisema kweli. Aliyejibu ni mdogo wangu, akiwa anapepeta mchele wala hakuinua macho. "Mama, mwache. Mimi ningetaka kaka akae, ningemnunulia kiti."

Kisha akanigeukia. "Daktari amesema ukinenepa na presha ikapanda, inakufa hiyo. Sasa kimbia."

Ndivyo ilivyo. Figo iliyopandikizwa huharibiwa na mambo yale yale yaliyoziharibu za kwanza: presha, na kisukari ambacho dawa zenyewe zinaweza kukileta. Kukimbia kwangu, basi, ni namna ya kutunza mali ya watu wawili.

Nilisoma kwamba Ivan Klasnić, mshambuliaji wa Kroatia, alipandikizwa figo ya mama yake mwaka 2007, mwili ukaikataa, akapandikizwa ya baba yake mwaka huo huo, na kwenye fainali za Euro 2008 akafunga mabao mawili. Nilisoma pia kuhusu michezo ya dunia ya waliopandikizwa viungo, iliyoanzishwa na daktari mpasuaji Maurice Slapak mjini Portsmouth, Uingereza, mwaka 1978. Habari hizo zilinipa moyo. Ila Klasnić alikuwa mchezaji wa kulipwa mwenye madaktari pembeni ya uwanja. Pembeni ya uwanja wetu kuna mbuzi.

Wenzangu wa maveterani ndio waliopata ufumbuzi. Walinipa kipyenga. Refa hukimbia dakika tisini, na hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Mechi ya kwanza nilichezesha kipindi kimoja tu. Nilitoa penalti, nikazungukwa na watu wazima wanane waliopandwa na hasira, na kwa mara ya kwanza tangu niugue hakuna aliyenipa pole. Mmoja aliniita kipofu. Nilifurahi mpaka koo likakaza.

Mdogo wangu alikuwa pembeni na chupa ya lita moja na nusu. Nilikunywa yote bila kupima.

Siku hizi nachezesha mechi nzima, na zamu ya kusumbua watu imenigeukia mimi. Aliyetoa figo naye anatakiwa kupimwa kila mwaka: presha, damu, mkojo. Kila mwaka yeye husema mpunga haujakauka, au haujakobolewa, au bei haijapanda. Mwaka huu nimekata tiketi mbili za basi la Dar es Salaam, na nimempa yeye siti ya dirishani. Akipinga, kipyenga ninacho.