Mwenyekiti Wetu

Kiziwi tunamjua, na asiyeona tunamjua. Aliye yote mawili kwa pamoja, lugha hulazimika kumwungia maneno: kiziwi asiyeona. Hata elimu ilimpita pembeni. Wasioona walipata shule Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Viziwi wakapata yao Tabora mwaka 1963. Asiyeona aliweza kumsikiliza mwalimu, na kiziwi aliweza kuitazama mikono yake. Je, huyu wa tatu angepelekwa wapi? Nilipohitimu chuo cha ualimu nilikuwa nimefundishwa kuandaa somo, kupanga zamu na kuandika ubaoni kwa mstari ulionyooka. Habari zake sikuambiwa hata neno.

Tangu nistaafu ualimu mkuu nimekuwa mwandishi wa kikundi kidogo hapa Kasulu, cha viziwi wasioona na jamaa zao. Mwenyekiti ni mama wa makamo. Masikio yake yaliondoka na homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la tano, macho yakafifia ukubwani. Husema kwa kinywa chake mwenyewe, ila ukitaka kumjibu huna budi kumwandikia herufi kubwa kiganjani, moja moja, kwa ncha ya kidole. Mwenzake aliyezaliwa kiziwi hupokea kwa njia nyingine: huweka mikono yake juu ya mikono ya anayemwonyesha alama. Basi neno la mjumbe mmoja hupita mikono mitatu minne kabla halijawafikia wote, na ajenda mbili humaliza asubuhi nzima. Sisi Waha, ambao salamu tu hutushikisha mikono kitambo kizuri, tusilalamike. Tena hakuna anayemdakia mwenzake, na porojo hukatika zenyewe.

Siku moja alikuja mgeni, mtu wa ofisi, na ahadi ya fedha za kuanzishia mradi wa sabuni ya mawese. Sharti lake lilikuwa moja: mwenyekiti awe mtu "anayejiweza". Akaninyooshea mimi kidole, kwa kuwa niliwahi kuwa mwalimu mkuu. Niliandika sharti hilo kiganjani mwa mwenyekiti, neno kwa neno, bila kulilainisha. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kila mjumbe aulizwe, mmoja mmoja, kwa mkono. Mgeni alitazama saa yake mara nyingi. Jibu lilipokamilika jua lilikuwa utosini: fedha azichukue. Naye akazichukua! Sabuni tulikuja kuipika miezi mingi baadaye, kwa michango yetu, ndoo moja tu ya mawese.

Wapo waliouita huo ukaidi wa maskini. Mimi sikubali. Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona, lililoundwa Auckland, New Zealand, mwaka 2001, linaongozwa na viziwi wasioona wenyewe, na hakuna anayeliambia litafute mwenye macho. Taarifa yake ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa watu wa hali hii ni kati ya asilimia 0.2 na asilimia 2 ya watu wote, na kwamba idadi huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Nami nimevuka sabini. Jicho langu la kushoto lina ukungu, na redio naisogeza karibu zaidi kila mwaka. Siandiki habari za watu wa mbali.

Baadaye tulipata habari za msichana mmoja Kibondo, kiziwi asiyeona tangu kuzaliwa, ambaye hatolewi nje. Mwenyekiti akasema ataenda yeye. Tulipanda basi alfajiri. Mama wa mtoto alinikaribisha kwa heshima, "Karibu, mzee," akaanza kunieleza mimi shida zake zote. Nikamwonyesha kiganja cha mwenyekiti. Akasema kuandika hajui. Wakati tukihangaikia hilo, mwenyekiti alikuwa amekwisha kaa mkekani kando ya mtoto, mkononi ana kikombe cha uji. Alikishikisha mkono wa mtoto, akaupeleka mdomoni mwa mtoto, kisha akamnywesha funda moja. Akarudia. Akarudia tena. Mara ya nne mtoto hakungoja: aliutafuta mkono wa mwenyekiti, akauvuta mwenyewe, akaugusisha mdomoni mwake.

Mama yake akainuka kwenda kuongeza uji.