Matriksi na Seva Iliyolala

Fundi huyu wa mitambo ya kumbi za mikutano amestaafu, lakini ubishi mmoja amekataa kuustaafisha: swichi ya matriksi kwenye ukumbi wa mikutano ipewe anwani ya kudumu, au iombe anwani kwa seva kila inapowashwa?

Ya utotoni si mengi. Nkoaranga, migomba na kahawa chini ya Mlima Meru, redio ya baba iliyofunguliwa bila ruhusa, fimbo, kisha chuo cha ufundi.

Arusha mjini alikuta riziki ya mikutano. Jengo lililokusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza lilikosa mwenyewe jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata likawa kituo cha mikutano cha kimataifa, AICC, na ukumbi wake wa Simba huchukua watu 1,350. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilifanya kazi humo hadi mwisho wa 2015, kesi zikiendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na kukalimaniwa kwa Kinyarwanda. Mji wa namna hiyo haukosi kazi ya vipaza sauti, vibanda vya wakalimani na projekta, na fundi alizunguka hoteli na kumbi kwa hiyo kazi.

Aliyemkomaza ni mzee mmoja wa Usa River, asiyependa kurudia neno. Kila kebo ilibandikwa tepu yenye namba ncha zote mbili, hata ikiwa ya mita moja. Matriksi zilipoanza kuamriwa kwa mtandao, mzee akaongeza tepu nyingine usoni mwa mashine: anwani, maski, tarehe.

Kazi yenyewe ni hii. Matriksi ya nane kwa nane hupokea picha kutoka vyanzo vinane na kuzipeleka skrini yoyote kati ya nane. Paneli ya kugusa iliyo mezani huiamuru kwa kuiita kwa anwani yake. Nyingi za Extron hutoka kiwandani na 192.168.254.254, nyingi za Kramer na 192.168.1.39; chomeka mbili za aina moja bila kuzibadilisha, zitagombania anwani. Ndiyo maana mzee aliingia kwanza kwa kebo ya pini tisa, kasi 9600, waya wa mtandao ukiwa bado mkononi. Anwani mpya, maski 255.255.255.0, lango pale tu paneli inapokaa mtandao mwingine. Halafu anaizima, anaiwasha, anaipigia ping. Isipoitika, hakuna chai.

Baadaye ikaja kampuni moja ikageuza ukumbi mmoja mzima kuwa wa DHCP, yaani wa kuomba anwani kwa seva, kila kifaa kimetengewa anwani yake kwenye seva. Kwenye karatasi ilipendeza. Umeme ukakatika asubuhi ya mkutano, jenereta ikashika, matriksi ikaamka kabla ya seva. Mashine ikikosa jibu, baadhi hujipa anwani ya 169.254, nyingine hurudi kwenye ile ya kiwandani, na zipo zisizoomba tena mpaka zizimwe. Paneli ikawa inaita asiyekuwepo, wageni wakitazama skrini nyeusi.

“Shikamoo mzee. Siku hizi hiyo ni kazi ya seva,” kijana mmoja wa mtandao alimwambia fundi.

“Marahaba. Na seva ikilala?”

Kijana naye ana hoja: anwani zinazowekwa kwa mkono bila kumbukumbu hugongana, na siku ikitokea hivyo kuitafuta mashine yenye kosa ni mateso. Fundi anaikubali nusu. Seva igawie laptopu za wageni kuanzia .100 hadi .199; matriksi, paneli na projekta zikae chini ya .50, zimewekwa kwa mkono, nje ya fungu la seva. Anachowakemea vijana ni kuondoka ukumbini bila kuzima na kuwasha mtambo wote kwa pamoja, kama umeme utakavyofanya.

Kijana akauliza tepu ikibanduka itakuwaje. Akaambiwa nakala ya pili iko kwenye daftari la chumba cha mitambo, ya tatu kwa meneja.