Watu Kumi, Sauti Moja

Nilitoka kampasi mwaka wa tatu, karo iliponishinda, nikabaki na laptopu isiyokaa na chaji na Octave, programu ya hesabu ya bure. Mchana naandikia watu makala: jinsi ya kuchagua godoro, faida za parachichi, wacha tu. Usiku, stima zikiwepo, nacheza na mawimbi.

Mchezo ni huu. Natengeneza wimbi dogo, kimo chake 1, kisha nalimwagia kelele za nasibu zenye ukubwa wa 10 hivi. Kwenye skrini huoni wimbi. Unaona tu michoro ya mtoto aliyepewa kalamu. Narudia, kila mara kelele mpya, wimbi lile lile, halafu najumlisha zote na kugawanya. Kelele hupanda na kushuka ovyo, kwa hivyo zinamezana zenyewe. Wimbi halihami, basi linabaki. Lakini bei yake ni kali: kelele hupungua kwa kipeuo cha pili tu cha idadi ya marudio. Rudia mara 100, zinapungua mara 10, ndio kwanza zilingane na wimbi. Ukitaka zipungue mara 100, rudia mara 10,000.

Si mchezo wa bure. Hivi ndivyo mtoto mchanga anavyopimwa masikio. Anachezewa mlio mfupi maelfu ya mara huku vifaa vilivyobandikwa kichwani vikisoma jibu la ubongo, jibu ambalo kwa kawaida halifiki hata sehemu moja ya milioni ya volti. Mtoto hawezi kusema amesikia. Wastani unamsemea.

Ila kuna masharti. Kila rekodi lazima ianzie pale pale kwenye wimbi. Zikianza kiholela, wimbi lenyewe linafutika pamoja na kelele. Na kosa linalojirudia kila mara haliondoki. Nikiongeza 3 kwenye kila sampuli, hata nirudie mara milioni, ile 3 inanitazama tu.

Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mama anataka kukopa kwa chama chake ili nirudi nimalize. Nimeuliza watu kumi na mmoja. Kumi wamesema rudi, na mtu angeona jibu limepatikana. Lakini wasikilize vizuri: wote wanasema "cheti hakiozi", na hayo ni maneno ya mjomba wangu, hata ule mkohoaji wake kabla ya kuyasema wameuiga. Hizo si sampuli kumi. Ni mjomba mmoja, amepigwa kopi.

Dada yangu peke yake hakunishauri. Aliuliza nani atalipa mkopo Mama akiumwa na mgongo tena.

Kwenye simulesheni mambo ni rahisi kwa sababu wimbi nililiweka mwenyewe. Mwishoni nachora lile safi kando ya lile la wastani, napima tofauti, nalala. Hapa sina safi la kulinganisha, na siwezi kurudi shule mara 10,000 nione.

Chama kinakutana Jumapili. Dada amepiga hesabu ya riba kwa kalamu, akanitumia picha ya karatasi kwa WhatsApp. Miezi ishirini na nne, mwandiko wake ule wa kubanana. Nimefika mwezi wa tisa.